Sukari ya Nusu Saa

Zamani mtaa mzima ulimwita kwa jina la mwanawe, kama wanavyoitwa wanawake wengi waliojaliwa mtoto. Kisha mtoto akaondoka, na jina likaanza kuwakwama watu kooni. Jirani akitaka kumwita alianza, "Mama…" halafu akameza lililobaki. Mwisho watu wakachoka kumeza. Kwa kuwa nyuma ya nyumba yake palikuwa na chumba chenye mashine mbili za kutotolesha mayai, na kila baada ya wiki tatu ua wote ulijaa kelele za viumbe vya siku moja, wakamwita Mama Vifaranga. Hakukataa. Alisema jina ni kama kiatu cha mtumba: kikikutosha, huulizi nani alikivaa kabla yako.

Mtoto alikuwa na miaka mitatu na miezi minne alipoondoka. Hakuibwa, wala mama mtu hakumtupa. Mama alishikwa na kifua kikuu, tena kile sugu, akalazwa miezi minane kwenye wodi ya peke yake. Mumewe, fundi wa mitambo ya viwandani, akampeleka mtoto kwa dada yake ili asiambukizwe. Kabla miezi hiyo haijaisha, mume akapata kazi nchi ya mbali. Dada mtu akafuatana naye, na mtoto akaenda nao. Siku ya kuaga, mume alisimama nje ya dirisha la wodi, barakoa usoni, akasema, "Ukipona tutapanga."

Alipona. Lakini huko kupanga kulikuwa na mlolongo wake. Kwanza karatasi, kisha shule iliyokwisha kuanza, kisha mume akaoa, mtoto akapata wadogo zake. Shangazi mtu akaandika barua fupi: mtoto ametulia, usimtikise. Mama Vifaranga, ambaye tangu kabla ya kuugua alikuwa kibarua kwenye kituo kikubwa cha kutotolesha, aliisoma barua ile mpaka mikunjo yake ikatoboka. Kazini alikuwa amefundishwa kwamba yai lililokwisha kuanza kuumba halitikiswi ovyo. Akanyamaza. Akajiambia ni mwaka mmoja tu. Mwaka ukazaa mwaka, ikawa miaka kumi na tisa.

Yeye hakusahau kitu. Alikumbuka kwamba mtoto alilala kidole chake kikiwa ndani ya sikio la mama yake, si mdomoni kama wenziwe. Alikumbuka kwamba mvua aliiita "mvuvu", na kwamba hakukubali kukanyaga mstari wowote sakafuni, hata kama ilibidi aruke kama chura kutoka mlangoni hadi kitandani. Alikumbuka jioni moja kifaranga kilipopanda juu ya unyayo wa mtoto, kikatulia pale, na mtoto akasimama bila kupumua, machoni kicheko kimejaa, akiogopa kukiachia kicheko hicho kisije kikamwangusha mgeni wake.

Simu zilipokuja kuwa rahisi walianza kuongea. Binti alikuwa na adabu. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Hujambo?" "Sijambo." Baada ya hapo mazungumzo yalitembea kama mtu mwenye mwiba mguuni. Siku moja, binti akiwa na miaka kumi na saba, alisema kwa sauti ya upole kabisa, "Samahani mama. Watu huniuliza habari za huko, na mimi sikumbuki chochote. Hata nyumba siikumbuki."

"Si neno," alijibu mama. "Ulikuwa mdogo."

Simu ilipokatika, alikwenda kuosha trei za mashine ambazo asubuhi yake alikuwa ameziosha.

*

Basi akiwa ametimiza miaka arobaini na mitano, mashine zikiwa zake mwenyewe, alikuja mwanamke mmoja mwembamba mwenye miwani, na mfuko wa bega uliojaa karatasi. Alikuwa daktari wa utafiti kwenye chuo kikuu kilichokuwa juu ya barabara. Alitaka vifaranga arobaini kila Jumanne, walioanguliwa usiku wa kuamkia siku hiyo, wasiwe wamekula bado.

"Vya nyama au vya mayai?" aliuliza Mama Vifaranga.

"Vya kukumbuka, mama."

Mama Vifaranga alimwangalia juu mpaka chini. Akafikiri, elimu nayo ikizidi humwagika. Lakini mgeni hakucheka, na oda ilikuwa oda, kwa hiyo Jumanne iliyofuata alibeba masanduku mawili ya karatasi ngumu, yenye matundu ubavuni, akapanda nayo hadi chuoni.

Chumba kilikuwa kidogo na cheupe, kina joto kama tanuri linalopoa. Ukutani kulikuwa na saa kubwa, na juu ya meza ndefu vijisanduku vya mbao vimepangwa safu, kila kimoja kina taa yake. Daktari aliwaweka vifaranga wawiliwawili, kwa sababu kifaranga akiwa peke yake hufanya kazi moja tu, nayo ni kulia. Kisha akatoa waya mwembamba wenye shanga nyekundu nchani mwake, akaichovya kwenye maji machungu, akaisogeza mbele ya kifaranga wa kwanza.

Kifaranga akakimbilia pembeni, akajibanza. Wa pili hali kadhalika. Wa tatu akajinyea.

"Hata wale wa kwingine wiki iliyopita walifanya hivi," alisema daktari, akavua miwani kuifuta. "Wananiogopa."

"Hawakuogopi wewe, wanaogopa mkono unaotokea juu. Mwewe naye hutokea juu." Mama Vifaranga akaingiza kiganja chake kwa ubavuni, chinichini, akakiacha hapo mpaka kifaranga akaegemea. "Haya, lete shanga yako."

Kifaranga akaidona shanga. Akatikisa kichwa, akafuta mdomo wake sakafuni mara mbili, akaonekana kama mtu aliyepewa dawa bila kuambiwa. Tangu siku hiyo, kila Jumanne, Mama Vifaranga hakushusha mzigo na kuondoka. Alikaa mpaka saa nane, akishika, na daktari akionyesha shanga na kuandika. Wafanyakazi wa jengo lile walikuwa wamekwisha kumbandika daktari jina la Daktari wa Shanga, na wala hakuonekana kuchukia.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kifaranga akishaonja uchungu wa shanga nyekundu, huachwa saa mbili. Kisha huonyeshwa shanga nyekundu nyingine, kavu, safi. Mwenye kumbukumbu hugeuza uso. Akionyeshwa ya buluu, huidona bila wasiwasi. Basi kajua: nyekundu ndiyo mbaya. Lakini nusu ya vifaranga walidungwa sindano ya dawa fulani kabla ya kuanza. Hao nao walionja, wakatikisa kichwa, wakafuta mdomo kama wenzao. Kwa dakika ishirini na kitu walikumbuka vizuri tu. Ikifika nusu saa, kumbukumbu inayeyuka. Shanga nyekundu ikiletwa, wanaidona kwa hamu kama vile ulimwengu umeanza sasa hivi.

"Umewanywesha nini hawa?" aliuliza Mama Vifaranga siku alipoona jambo hilo mara ya kwanza. Kifaranga mkononi mwake alikuwa anaidona shanga tena na tena.

Daktari wa Shanga alivuta kiti. Alikuwa mtu wa kueleza taratibu, akitafuta neno kama anayetafuta ufunguo mfukoni.

"Kichwani, mama, kuna seli zinazopeleka habari. Hizo ndizo watu wanazozisifu. Sasa pembeni yake kuna seli nyingine, nyingi tu, zinazozishika na kuzihudumia. Wazee wetu wa taaluma walidhani hizi ni gundi, kazi yake kushikilia tu zile za maana zisianguke. Hata jina lake la kitaalamu maana yake ni gundi."

"Kumbe siyo."

"Siyo. Zile za maana hazina akiba ya sukari, au zinayo kidogo mno. Zinaishi kama mtu anayekula kwa mama lishe kila siku, nyumbani hana hata jiko." Hapo Mama Vifaranga akacheka. "Hizi za pembeni ndizo zenye akiba. Zinachukua sukari kwenye damu, zinaiunganisha punje kwa punje, zinaiweka. Likija jambo la kukumbukwa, seli za habari zinafanya kazi kwa nguvu, na zinahitaji chakula upesi, hapohapo. Basi hizi za pembeni zinavunja akiba yake, zinaigeuza iwe kitu chepesi, zinawapa wenzao. Kwa nguvu hiyo kumbukumbu inajengwa ikakaa."

"Na dawa?"

"Dawa haigusi kumbukumbu yenyewe. Inafunga tu mlango wa ghala. Akiba ipo, lakini haifunguki. Kifaranga anajua, anajua, kisha nusu saa inapita na hakuna cha kujengea. Basi."

Mama Vifaranga alimrudisha kifaranga sandukuni. "Watu husema akiba haiozi."

"Hii nayo haiozi, lakini ni ndogo mno. Ukiilinganisha na ile ya kwenye ini, ni kama kijiko mbele ya gunia. Ikiachwa ibebe kichwa peke yake, ni dakika chache tu."

Akauliza tena, akijifanya anapanga masanduku. "Na mkimfungulia mlango baadaye? Tuseme kesho. Atakumbuka?"

"Hapana, mama. Nusu saa ikishapita, hata umpe sukari ya nchi nzima."

Alimaliza kupanga masanduku, kisha akayapanga upya.

Swali lake la pili lilichukua wiki mbili kutoka. Aliuliza vifaranga huenda wapi jioni. Daktari wa Shanga hakumzungusha. Alimwambia kwamba huuawa bila kuteseka, na vichwa vyao huangaliwa kwa darubini, kwa sababu akiba ile haionekani kwa nje. Jumanne iliyofuata Mama Vifaranga aliteremsha masanduku mlangoni, akageuka, akaenda zake. Na iliyofuata vilevile. Ya tatu aliingia, akanawa mikono, akaweka kiganja ubavuni mwa sanduku. Hawakulizungumza tena. Ila toka hapo kila kifaranga aliyempitia mkononi alimshika kidogo zaidi ya ilivyohitajika.

Swali la tatu ndilo alilokuwa akilitaka tangu mwanzo.

"Mtoto wa mtu je? Wa miaka mitatu. Yeye mbona husahau, naye hakudungwa sindano?"

Daktari wa Shanga alimtazama. Alikuwa amesikia habari nusunusu kwa wafanyakazi. "Sisi sote tunasahau ya umri huo, mama. Mimi pia. Sababu zinasemwa nyingi, na hakuna aliye na hakika. Kifaranga hawezi kunijibia hilo."

"Kwa hiyo hujui."

"Sijui."

Jibu hilo lilimpendeza kuliko mengine yote, kwa sababu lilikuwa jibu la mtu mzima kwa mtu mzima. Lakini halikumpa usingizi wa mchana. Alikuwa akilala kidogo saa tisa, mashine zikinguruma ukutani, na sasa alikuwa akilala macho wazi. Aliwaza kwamba siku ile ya kifaranga juu ya unyayo, kichwani mwa mwanawe ghala lilifunguka. Sukari ilitoka, sukari ya uji aliokoroga yeye mwenyewe asubuhi ile, ikachomwa, kitu kikajengwa. Kilijengwa kweli, maana kesho yake mtoto alikuja kusimama palepale, mguu mbele, akisubiri. Basi kile kilichojengwa kilikwenda wapi? Nani alikibomoa? Au bado kimo, kimezibwa tu, na hakuna aliyegonga mlango ule sawasawa?

Fundi friji, jirani mjane aliyekuwa akimtengenezea vidhibiti joto vya mashine, alimkuta siku moja amesimama mbele ya mashine iliyofunguliwa, joto linapotea.

"Mama Vifaranga, unawapuliza au unawaangua?"

"Nawaza."

"Funga kwanza, kisha waza. Yai halijui mawazo ya mtu."

*

Ujumbe wa binti ulifika Jumamosi asubuhi. Amemaliza masomo yake ya upimaji wa ardhi, kazi itaanza baada ya mwezi, na kama mama hana neno, angependa kuja wiki mbili.

Mama hana neno. Mama alipiga deki chumba kidogo mara tatu. Alishusha sanduku la bati kutoka juu ya kabati, na humo alitoa sega la njano lililokosa meno mawili, gauni dogo lenye mfuko wa umbo la samaki, na kikombe cha bati. Aliviweka kando kwa mpango wake. Tayari alikuwa na mpango, ingawa mwenyewe hangeuita hivyo.

Alimtambua kituoni kabla hajamwona uso, kwa namna alivyosimama uzito wote mguu mmoja, kama mama yake mwenyewe alivyokuwa akisimama mbele ya kioo. Binti alikuwa mrefu, paji la uso la baba yake, kucha zimekatwa fupi za kazi. Alinyoosha mkono kwa salamu wakati mama anafungua mikono miwili, kisha akafungua miwili wakati mama ameshusha mmoja. Wakagongana mabega. Wote wakasema samahani.

Siku ya kwanza sega liliwekwa bafuni, juu ya sabuni. Binti alitoka nywele zimechanwa.

"Umeliona sega?" aliuliza mama.

"Nimeliona, mama. Linachana vizuri."

Siku ya pili gauni lilianikwa kwenye kamba, peke yake, kama bendera. Binti alipita chini yake, akainama kidogo lisimguse. Siku ya tatu mama, akiosha vyombo, aliimba kwa mdomo uliofungwa wimbo aliokuwa akimwogeshea, hauna maneno, aliutunga mwenyewe. Akauimba mpaka mwisho, akaurudia. Nyuma yake hakusikia kitu. Alipogeuka, binti alikuwa anasoma simu yake. Siku ya nne alimpitisha kwenye uchochoro wa nyuma, penye bomba la maji na ukuta uliopandwa vipande vya chupa, mahali alipokuwa akimbeba mgongoni kila asubuhi. Walipofika kwenye bomba alisimama, akarudi nyuma hatua moja, akamwangalia usoni. Binti akatazama bomba, akamtazama mama.

"Linavuja," alisema.

Siku ya tano vifaranga walianguliwa. Mama alimwita chumba cha mashine, akamwambia avue viatu, sakafu ni safi. Akawaachia vifaranga kama kumi waranderande juu ya maranda ya mbao. Akasubiri. Ilichukua muda, lakini mmoja, manyoya bado hayajakauka vizuri shingoni, alijikokota hadi kwenye mguu wa binti, akapanda juu ya unyayo, akatulia.

Mama hakupumua.

Binti alikiangalia kifaranga. Taratibu akauvuta mguu, kifaranga akateleza chini. Kisha akainua uso.

"Mama, naomba nikuulize kitu, usikasirike."

"Uliza."

"Kila siku unaniwekea kitu mbele, halafu unarudi nyuma unaniangalia. Sega, gauni, bomba. Sasa huyu kuku. Unanipima?"

Mama alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Alifikiria kukana, akaona haina maana.

"Nakupima," alisema.

"Mimi ndiye niliyesomea kupima." Binti alisema hivyo bila kicheko, lakini sauti haikuwa na hasira. Akavuta ndoo ya pili, akakaa. "Unatafuta nini?"

Basi mama akamweleza. Alimweleza habari za shanga nyekundu na za buluu, za seli zilizodhaniwa gundi kumbe ndizo zenye ghala, za mlango ukifungwa na nusu saa ikipita. Alieleza vibaya, akirukaruka, akirudi nyuma kusahihisha. Kisha akasema kuhusu kidole sikioni, na mvuvu, na mistari ya sakafuni, na mguu. Hayo hakuyasema vibaya.

Binti alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo unataka kujua sukari yangu ilikwenda wapi."

"Ndiyo."

"Mama, hakuna. Nimejaribu. Unafikiri mimi sijajaribu? Nilipoingia kwenye hii nyumba nilisubiri kitu kinigonge, hata harufu. Nilijilaza kwenye kile kitanda nikafumba macho. Hakuna. Nikaogopa kukwambia, ndiyo maana nikawa nasema sega zuri, bomba linavuja."

Vifaranga walikuwa wanalia. Mama alitikisa kichwa kuonyesha kwamba amesikia.

"Kuna kimoja tu," binti aliendelea, "lakini siyo cha hapa. Ni cha huko. Nakumbuka ngazi za ghorofa tulipokuwa tunakaa. Nilikuwa na miaka minne labda. Jioni, shangazi akitoka kazini, nilikuwa nakaa kwenye ngazi namuuliza, tunarudi lini? Yeye anasema, tunarudi wapi? Na mimi sina jibu. Kila jioni. Neno kurudi nilikuwa nalo, mahali sina. Mwisho nikaacha kuuliza. Nadhani nilifikiri ni neno tu ambalo watu husema wakiwa kwenye ngazi."

Miaka yote hiyo mama alikuwa amemwona mtoto aliyetulia, kama barua ilivyosema, na alikuwa ameumia kwa sababu ametulia. Haikuwahi kumpitia akilini kwamba mtoto alikaa kwenye ngazi. Kengele ya saa ikalia, ile ya kugeuza mayai ya mashine ya pili. Akainuka, kwa sababu mayai hayasubiri mtu amalize kulia.

"Nisaidie," alisema. "Ya msalaba juu yote yawe duara juu."

Kila yai lilikuwa limechorwa kwa penseli, upande mmoja msalaba, upande mwingine duara. Wakageuza, mama trei za juu, binti za chini. Kwenye trei ya tatu yai likamponyoka binti, likapasuka kwenye kidole cha mguu wake.

"Hata zamani ulikuwa unavunja," alisema mama.

"Hilo silikumbuki."

"Hapana, nakwambia tu. Yalikuwa manne kwa siku moja. Kule kituoni, nilikuficha chumbani msimamizi asikuone."

Binti alianza kucheka, kwanza kwa pua, kisha kicheko kikamshinda, akajishika kwenye mashine. Mama alikuwa hajawahi kukisikia kicheko hicho, si zamani wala kwenye simu. Kilikuwa kipana, cha mwanamke mzima. Alikisikiliza.

*

Jumanne ya wiki ya pili walipanda pamoja chuoni. Daktari wa Shanga alimwachia binti aangalie kwa darubini. Humo seli ya pembeni ilionekana kama nyota iliyokosewa kuchorwa, mikono mingi, mmoja umeshika mshipa wa damu, mingine imewagusa wenzake, na ndani yake punje za akiba zimepakwa rangi ya zambarau.

"Kama ramani ya barabara za mlimani," alisema binti. "Na akiba ikitumika ikaisha?"

"Inajazwa tena," alijibu daktari. "Haikai kama mahindi ghalani mpaka msimu mwingine. Inatoka, inaingia, kila siku. Hapo ulipo sasa hivi inaendelea."

Binti alikaa muda mrefu jicho limebana kwenye darubini. Mama Vifaranga alimshika kifaranga, akatazama mgongo wa mwanawe ulioinama, mishipa miwili ya shingo chini ya nywele zilizochanwa na sega bovu, na hakurudi nyuma hatua moja wala hakumpima. Siku zilizobaki waliishi tu. Waligombana kuhusu mlango, maana binti alikuwa anabamiza milango. Alikula amesimama, na mama alichukizwa, na binti aliendelea kula amesimama. Fundi friji alikuja kurekebisha kidhibiti joto kisicho na kasoro yoyote, akakaa saa nzima, na alipoondoka binti akasema, "Huyo mzee hajaja kwa ajili ya mayai." Mama akamwambia anyamaze, na masikio yakamwaka moto.

Aliondoka Alhamisi, basi la saa nne. Safari hii mikono ilikutana bila kugongana.

Mwaka uliofuata utafiti ulikwisha. Daktari wa Shanga alihamia chuo kingine, akaacha nakala ya andiko lake, na ndani, mahali pa shukrani, palikuwa na mstari uliomtaja mfugaji aliyeshika vifaranga. Vifaranga wa Jumanne sasa huenda kwa wafugaji, na huko hawaulizwi kitu.

Binti hupiga simu Jumapili. Alisema angekuja mwezi wa nane, kisha mwezi wa nane ukaingiliwa na kazi ya kupima barabara mpya, ukapita. Sasa anasema mwisho wa mwaka, bosi akikubali. Mama amepaka chumba kidogo rangi, na amemwita fundi aweke mpira kwenye fremu ya mlango ili usijibamize sana.

Fundi friji alimuuliza juzi kama angalau sasa roho imetulia. Mama Vifaranga alimwambia kwamba zamani alikuwa anamlilia mtoto wa miaka mitatu, ambaye hata dunia nzima ikisimama haiwezi kumrudisha. Sasa anamlilia mwanamke wa miaka ishirini na mitatu anayekula amesimama. Hii mpya, alisema, inauma zaidi. Ya kwanza alikuwa ameizoea.

"Basi afadhali asingekuja," alisema fundi friji.

"Nani kasema hivyo?" alijibu, akaenda kujaza maji kwenye trei za mashine, kwa kuwa hewa ya siku ile ilikuwa kavu.